Mama na Simu Isiyo na Bateri

Juzi, katika chumba ninamofundishia, umeme ulikatika na mlinzi akawasha grupu, jenereta yetu, chini ya dirisha letu. Harufu ya petroli ikaingia ndani pamoja na moshi, wanafunzi wakaanza kukohoa na kufunga madirisha, na mimi nikabaki nimeshika chaki. Tulikuwa katikati ya somo la tamthilia na hadithi za Kimarekani. Kijana mmoja aliyekaa nyuma alikuwa ameniuliza swali: "Madame, mbona watu wa vitabu hivi wanajidanganya sana? Mtu anaona kabisa nyumba yake inaanguka, lakini anaendelea kusema mambo ni mazuri. Hawaoni?" Nilikuwa na jibu la darasani, lile nililokuwa nimeliandaa. Harufu ile ikaninyang'anya jibu hilo. Nikawaambia wapumzike kidogo, nikatoka barazani nikasimama nikitazama ziwa.

Harufu ya grupu, kwangu, ni harufu ya ukumbi wa parokia kule Kasenga, mtaa wetu wa Uvira, na ya siku niliyosimama juu ya benchi mbele ya watu wote nikampigia mama yangu kelele anyamaze.

Wakati huo nilikuwa nimeshajua kusoma lakini bado sijajua kuulizia mambo. Tulikuwa watatu nyumbani: mama, mimi, na mdogo wangu Furaha, ambaye alikuwa bado anakosea kuvaa viatu, cha kulia mguu wa kushoto. Mama alikuwa mshonaji. Baba alikuwa fundi wa moteri za maboti, na kazi ilimpeleka kokote ziwa linakofika. Msimu ule alipanda boti Kalundu akaenda Kalemie, na kutoka Kalemie akaambiwa kuna maboti ya mfanyabiashara mmoja yamelala kusini zaidi, karibu na Moba, yanamgoja fundi.

Mwanzoni alikuwa anapiga simu Jumapili baada ya misa. Mama aliweka simu kwa sauti kubwa, Furaha na mimi tukapigana viwiko nani aanze. Kisha baba akasema huko anakokwenda rezo ya simu haiko, mpaka upande mlima. Tangu hapo simu zake zikawa zinaingia tukiwa shuleni. Mama ndiye aliyetuambia. Tulirudi mchana, tukavua viatu, naye akasema bila kuinua macho kwenye cherehani: "Papa yenu alipiga. Anawasalimia."

Katika miezi hiyohiyo mama alianza kutoka mara nyingi jioni kwenda kwenye repetisio, yaani mazoezi. Sikuona ajabu. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, na kwaya hufanya repetisio. Niliona tu kwamba harudi akiimba kama zamani. Alirudi kimya, midomo ikicheza kidogo kama mtu anayehesabu mishono.

Siku moja nilitoka kuteka maji kwenye robineti ya mtaa, bidoni kichwani, nikapita nyuma ya nyumba ili nisikanyage ushoroba ambao mama alikuwa ameupiga deki. Nikamsikia mama ndani, anazungumza kwenye simu.

"Alo? Ndiyo, ni mimi. Watoto ni wazima. Wanakuulizia kila siku. Utakuja? Vizuri, nitawaambia."

Nikataka kutua bidoni haraka niingie nimsalimie baba. Lakini mama aliposema tena, sauti ilikuwa ya chini, sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo.

"Hakuna mtu. Hakuna mtu kwenye waya huu. Ameondoka na hatarudi, na mimi ninazungumza na ukuta. Lakini watoto wasijue. Waache walale na baba yao usiku mmoja zaidi."

Nilibaki nimesimama, maji yakinidondokea shingoni. Leo ninaweza kuona mambo yote ambayo yangeniokoa. Simu yetu haikuwa na waya wowote, ilikuwa simu ndogo ya vibonyezo iliyofungwa mgongoni kwa mpira. Tena mama alikuwa anasema Kiswahili cha Biblia, kile kilichonyooka, na nyumbani hatukusema hivyo hata siku moja. Lakini mimi nilikuwa nimesikia Kiswahili hicho mahali pamoja tu nje ya kanisa: kwenye vilio vya msiba. Mtu mkubwa akisimama kuzungumza mbele ya jeneza, huacha maneno yetu ya kila siku na kusema hivyo. Basi kwangu hiyo ndiyo ilikuwa alama. Mama alikuwa anazungumza kama mtu aliye mbele ya jeneza.

Akatoka na macho mekundu, akashtuka kuniona. "Weye umerudi? Kaangalie sufuria, isiungue."

Nilipita ndani kama ninatafuta chumvi. Simu ilikuwa juu ya cherehani, imelalia kipande cha kitenge. Nikaishika. Ilikuwa nyepesi mno. Nikasogeza ule mpira, nikafungua mgongo, na ndani palikuwa patupu. Bateri haikuwepo. Hata leo vidole vyangu vinakumbuka ile nafasi laini ya mstatili. Nikaufunga mpira vizuri kama nilivyoukuta, nikaenda kukoroga mboga ya lenga-lenga, na machozi yakawa yanaingia kwenye mvuke bila mtu kuyaona.

Kwamba bateri ilikuwa imepelekwa kwenye kibanda cha kuchajisha, kama bateri za nusu ya mtaa mzima, halikunipitia akilini.

Kuanzia jioni ile nikawa mtu mwingine. Nilijua baba amekufa na nilijua mama anajua. Nilijua pia kwa nini anaficha: kwa ajili yetu. Nikaona kazi yangu ni kumsaidia. Kwa hiyo mama aliposema tena, "Papa yenu alipiga mulipokuwa ku masomo," na Furaha akauliza, "Alisema nini?", mimi ndiye niliyejibu kabla yake.

"Alisema atakuletea sandali nyekundu."

Mama aliinua macho kutoka kwenye sindano, akanitazama. Akavuta uzi, akaukata kwa meno. Niliona kama ananishukuru. Wala haikunigusa kwamba yeye pia alikuwa amechanganyikiwa, anajiuliza nimeyatoa wapi maneno yale.

Furaha alifurahi sana na sandali zake. Alizisimulia mtaani. Aliongeza kamba ya dhahabu, kisha kisigino. Mimi nilimwacha, na kila alivyoziongeza ndivyo nilivyozidi kusukuma sahani pembeni. Tukila ndakala, dagaa wa ziwa letu, niliona macho yao madogo tu. Mama akaniwekea mkono kwenye paji la uso kutafuta malaria, hakuikuta.

Nikaamua kwenda Kalundu. Nilisema ninapeleka nguo kwa tantine, dada ya mama, nikafuata barabara kando ya ziwa mpaka bandarini. Boti kutoka kusini ilikuwa inashusha magunia. Wanaume walikuwa wanapigiana kelele, hakuna aliyesikia swali langu. Kando, mama mmoja mchuuzi wa samaki wakavu alikuwa amekaa juu ya mzigo wake akifuta vumbi la safari kwa ncha ya kitenge. Nikamsalimia, nikamuuliza kama kule alikotoka amemuona fundi wa moteri, mwembamba, mwenye pengo mbele.

"Fundi wa moteri?" Akafikiri. "Mutoto wangu, kule mafundi iko wengi. Boti moja ilipinduka karibu na Moba, banasema ilikuwa na fundi wake ndani. Lakini minye sijuwe jina lake. Ni papa yako?"

"Hapana," nikasema. "Ni wa jirani."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda kama si wangu kwa huyu mama, atakuwa bado hai kidogo mahali pengine. Aliniita anipe samaki mmoja, nikawa nimeshaanza kukimbia. Nilirudi nyumbani milima yote ya juu ya Uvira ikiwa imefunikwa na ukungu, na nikamkuta mama anatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Jumapili hii," akasema, "mutavaa zile robe za Pasaka. Iko kitu nataka muone."

Hakutaka kutuambia ni kitu gani. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anaona haya. Mwanamke ambaye bwana yake yuko mbali, anapanda jukwaani kuigiza. Alijua bibi yetu mzaa baba angesemaje, na alitaka tuone kwanza ndipo maneno yaanze.

Ukumbi wa parokia ulikuwa umefunikwa madirisha kwa mikeka ili kuwe na giza mchana ule. Nje grupu ilikuwa inanguruma, na harufu yake ilijaa ndani pamoja na joto la watu. Jirani yetu, Mama Alphonsine, alitukalisha benchi la mbele. Prof Kashindi akatoka mbele ya pazia la vitenge vilivyounganishwa. Alikuwa mwalimu wa sekondari, mtu mrefu mwenye koti lililokuwa linamzidi mabega. Akasema mchezo huu umetoka Amerika, ameutoa kwenye kitabu cha Kifaransa akautia katika Kiswahili. "Musingoje wafalme," akasema. "Hao watu wanaandika juu ya mama wa nyumbani, mchuuzi, dereva. Na wanauliza swali moja tu: muntu anaweza kukaa siku ngapi ndani ya nyumba aliyoijenga kwa maneno?"

Watu wakapiga makofi. Mimi sikusikiliza. Teatre niliijua: ni mtu aliyetia mto ndani ya shati akajifanya mlevi, anaanguka, tunacheka. Nilimngoja mlevi.

Pazia likavutwa, na mama yangu alikuwa amesimama pale katika gauni ambalo sikulijua, na nywele zimefungwa kigeni. Kulikuwa na meza, na juu yake simu kubwa nyeusi ya zamani, waya wake umekatwa na unaning'inia. Watoto wawili wa kwaya walikuwa wamekaa sakafuni. Mama akawaambia nyamazeni, baba yenu anapiga. Akainua simu.

"Alo? Ndiyo, ni mimi. Watoto ni wazima."

Hakukuwa na mlevi. Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa anasema maneno yetu, siri ya nyumba yetu, mbele ya Kasenga nzima, na nilijua linalofuata, na Furaha alikuwa amekaa kando yangu na kidole mdomoni, anasikiliza. Watoto wale wawili wakatoka. Mama akaishusha simu polepole, akafungua mdomo.

"Hakuna mtu," akasema. "Hakuna mtu kwenye waya huu. Ameondoka na..."

Nikapanda juu ya benchi. "Mama, usiseme! Nyamaza! Furaha iko hapa!"

Watu wakacheka, kwa sababu walidhani ni sehemu ya mchezo. Kisha wakaona uso wa mama, kicheko kikakatika. Mama Alphonsine alikuwa ananivuta robe nishuke. Mama aliacha simu ikining'inia ukingoni mwa meza, akashuka zile ngazi za mbao, akapiga magoti mbele yangu na lile gauni lake la Amerika.

"Furaha asisikie nini?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

Nikamwambia sikioni: "Kama papa alikufa."

"Nani alikuambia?"

"Weye. Ulisema mu simu. Na simu haikukuwa na bateri."

Akainuka, akakaa kwenye benchi kando yangu. Nje grupu ilikohoa, taa zikafifia, zikarudi. Akanivuta kifuani, na chini ya harufu ya petroli nikapata harufu yake mwenyewe, ya sabuni na mafuta ya cherehani.

"Sikia, Neema. Yale maneno ni ya kitabu. Prof alinipa niyashike kwa kichwa. Nilikuwa nayarudilia nyumbani nikishika simu ili mikono ijue. Huyo mwanamke si mimi. Huyo bwana si papa yako."

"Na papa?"

Hapa hakujibu haraka. Nimefikiri sana juu ya ukimya ule tangu wakati huo, kuliko kitabu chochote nilichokifundisha. Angeweza kusema alipiga jana. Ukumbi mzima ulikuwa unamngoja, Prof alikuwa amesimama kando ya pazia na kitabu mkononi, na jibu hilo lingemaliza mambo.

"Papa yako sijuwe leo iko wapi," akasema. "Hajapiga kitambo. Mara mbili niliwaambia amepiga, na hakupiga. Huo ni uongo wangu, hauko mu kitabu. Nilisikia habari ya boti moja, nikaogopa. Ulipomwambia Furaha habari ya sandali, niliogopa zaidi, maana nilidhani umesikia pia, unamfichia. Lakini hakuna muntu aliyeniambia amekufa. Hakuna."

Ilikuwa habari mbaya. Mtu mwingine angelia zaidi. Mimi nilihisi kitu kinafunguka shingoni, kama mtu aliyetuliwa bidoni. Baba hakuwa amekufa. Alikuwa hajulikani alipo, na hapo palikuwa mahali pakubwa sana, penye nafasi nyingi ndani yake. Na mama alikuwa amerudi upande wangu. Nilimuuliza kama ninaweza kwenda kukojoa. Mama Alphonsine akanipeleka.

Niliporudi, watu walikuwa wanaita, "Endelea, Mama Neema!" Akapanda tena. Katika kitabu, Prof alinieleza baadaye, mwisho mwanamke yule anaiinua simu iliyokatwa na kuanza tena, "Alo? Ndiyo, ni mimi," na giza linaingia. Siku ile mama aliishika, akaitazama, akaiweka sakafuni. Akawaita watoto wale wawili. "Njooni mukae hapa," akasema, na Kiswahili kilikuwa chetu sasa. "Iko neno nataka kuwaambia." Taa zikazimwa. Sijawahi kusikia makofi kama yale Kasenga.

Prof Kashindi alinijia nikiwa nimeshika soda. Nilidhani atanigombeza. "Weye," akasema, "umeniharibia mchezo, ao umenitengenezea, bado sijuwe."

"Mbona yule mama alikuwa anadanganya watoto?" nikamuuliza.

"Kwa sababu alikuwa anawapenda."

"Wanangojea muntu haiko."

Akakuna kichwa kwa kona ya kitabu. "Ndiyo hapo," akasema. "Ndiyo hapo kabisa." Akaondoka anatikisa kichwa, na koti lake linamfuata.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu lakini zilikuwa safi. Mama alimwambia Furaha pia. Furaha alilia kwa ajili ya sandali kwanza, kisha kwa ajili ya baba, kisha akalala. Kila jioni mama alitoa simu kwenye mfuko wa kitenge akatuonyesha. "Leo hakupiga." Tulisali kwa ajili yake kwa jina lake lote. Nilikula. Hicho ndicho kilichomshangaza mama: kwamba nilikula bugari, ugali wetu, na samaki mpaka nikalamba vidole, na hofu yetu imekaa nasi mezani wazi kabisa.

Simu iliita siku ya mvua, bati linapigwa hata hatukuisikia vizuri. Furaha ndiye aliyeona inatetemeka. Namba hatukuijua. Mama aliweka sauti kubwa, na mikono yake haikuwa inajua chochote cha kufanya.

"Alo? Alo? Mama Neema?"

"Weye iko wapi?" mama akapiga kelele. Hakusema vizuri, hakusema nimefurahi. "Weye iko wapi, muntu mubaya weye?"

Alikuwa Kalemie. Simu yake ilikuwa imezama ziwani pamoja na funguo zake za kazi, spana zote, akiwa ameinama juu ya moteri. Ile boti iliyopinduka haikuwa yake, na fundi wake alikuwa ameogelea mpaka ufukweni. "Sasa mbona hukuazima simu?" mama akauliza.

"Namba yako ilikuwa mu simu," baba akasema kwa aibu. "Mu kichwa haikukuwamo. Leo nimekutana na muntu wa Kasenga, ndiye iko nayo."

Mama alikaa sakafuni akacheka, akalia, akacheka, na akamlazimisha aikariri namba ile mara nyingi mpaka salio la mwenye simu likakatika.

Alifika Kalundu asubuhi moja, amekonda, na ndevu ambazo hakuondoka nazo. Furaha alimrukia. Mimi nilimpa mkono, nikamwambia, "Karibu, papa," kama mgeni wa parokia, kwa sababu nilikuwa nimeshamzika na sikujua watu hufanyaje baada ya hapo. Akaucheka mkono wangu, akaushika kwa mikono yake miwili, na ngozi ilikuwa ngumu na yenye mikwaruzo, na sikuiachia mpaka nyumbani.

Mchana tulipokwisha kula, Mama Alphonsine akaja kumsalimia, akamwaga yote: teatre, gauni, mimi juu ya benchi. Baba alisikiliza akitafuna mfupa wa samaki, uso wake umeanza kujikunja. Jirani alipoondoka, akamgeukia mama.

"Kwa hiyo ulikuwa bibi ya muntu mu teatre, mbele ya watu wote."

"Ndiyo."

"Na huyo bwana yako, ni nani aliyemucheza?"

"Hakuna," mama akasema. "Haonekani. Toka mwanzo mpaka mwisho, bwana haiko. Wanamungojea tu."

Baba akafikiri. Akautoa mfupa mdomoni, akauweka kwenye ukingo wa sahani.

"Basi huyo," akasema, "nilimucheza minye."